Misheni ya Bagamoyo wiki ya Krismasi: asubuhi moja ya sala kabla nyumba haijajaa wageni

Ukiwa unangoja wageni 20 wa Krismasi, na kati yao wamo wawili wasiosemeshana tangu msiba wa mwaka juzi, tenga asubuhi ya tarehe 22 au 23 Desemba uende viwanja vya Misheni Katoliki ya Bagamoyo. Tarehe 25 na 26 usijaribu. Mji unajaa watu wa Dar es Salaam waliokuja kuogelea na kula samaki, muziki unapigwa ufukweni, na anayetafuta kimya atarudi na hasira. Hapa tunaipima Misheni kama mahali pa sala kwa mtu mwenye nusu siku tu kabla ya shughuli. Habari za utalii wake zimekwisha kuandikwa na wengi, wala hazimsaidii mama mwenye kilo 5 za mchele za kuchambua.

Kwa kazi hiyo naipa Misheni alama za juu kabisa, na sababu haiko kwenye uzuri wa majengo. Iko kwa watu waliosali hapo mwanzo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868, wakaanza kazi katika mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara ya bara. Pembe za ndovu zilishushwa hapa, na watu waliotekwa walipitishwa hapa kwenda visiwani. Waliokombolewa na Misheni, wengi wao watoto, waliwekwa katika kijiji chao, wakafundishwa sala na kazi, wakaozwa wao kwa wao. Maisha yalikuwa ya kengele na jembe, na si haki kuyapamba. Ila fikiria jambo hili: mtu wa kijiji kile hakuwa na shangazi wa kumuuliza ataoa lini, wala baba mdogo wa kugombania naye shamba la babu. Jamaa zake walibaki bara, hajui kama wako hai. Krismasi yake aliila na watu wa makabila yasiyosikilizana lugha, wakajifunza kuitana ndugu. Anayekuja hapa kuomba nguvu za kuvumilia wingi wa ndugu zake anapiga magoti juu ya ardhi hiyo. Malalamiko yake hayafutiki, lakini yanapungua uzito, na hilo bustani nzuri ya hoteli haiwezi kukupa.

Kufika ni rahisi. Kutoka Dar panda gari stendi ya Makumbusho, njia ya Bunju na Mapinga, mwendo wa kilomita 65 hivi. Siku za kawaida ni saa moja na nusu hadi mbili, lakini wiki ya Krismasi foleni ya Tegeta na Bunju hula muda, kwa hiyo toka alfajiri. Ukishuka stendi ya Bagamoyo chukua bajaji au bodaboda, useme unakwenda Misheni, inatosha. Waliolala mjini wanaweza kutembea, mradi wawe wamefika kabla ya saa 2. Kuanzia saa 4 jua la Desemba na mvuke wa bahari hukufanya uwaze kivuli na maji tu, sala ikabaki mdomoni. Beba maji lita moja na nusu, kitenge au mkeka mdogo wa kukalia, dawa ya mbu kwa sababu kivuli kizito kina mbu hata asubuhi, rozari, Agano Jipya, karatasi moja na kalamu. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti. Kula kwanza, hata chapati moja na chai, maana njaa ikikutana na wasiwasi sala inakuwa fupi na kali.

Utaratibu unaofaa zaidi uwanjani hapa ni Matendo ya Furaha, yale matano ya rozari juu ya kuzaliwa na utoto wa Yesu, tendo moja kila kituo, huku ukitembea taratibu. Kanisa huyapangia Jumatatu na Jumamosi, lakini katika Majilio na Krismasi hakuna ubaya kuyasali siku yoyote. Rozari ya kawaida huchukua dakika 20. Hapa itenge saa moja na nusu. Mlutheri wa KKKT, Mwanglikana au Mpentekoste asiyesali rozari asome habari zilezile kwa Luka: 1:26-38, kisha 1:39-56, kisha 2:1-20, kisha 2:22-40, mwisho 2:41-52. Sehemu tano, vituo vitano. Sababu ya kuchagua masimulizi haya ni kwamba yote yamejaa wageni, safari, kukosa nafasi na jamaa wasioelewana. Ni Krismasi yenyewe kabla hatujaiwekea taa na pilau.

Anza kwenye njia ya miembe mikubwa. Simu izime kabisa. Ukiiweka kwenye mtetemo, kila ikitikisika utajua kundi la familia linajadili nani analeta soda. Kaa dakika 10 bila kusali neno lolote, acha pumzi ishuke. Ndipo utoe karatasi na kuandika majina ya wote wanaokuja, na mbele ya kila jina unachokihofia: huyu ataomba mkopo, huyu atalewa, huyu atauliza juu ya mtoto, huyu atalinganisha kazi yangu na ya mwanawe. Kuandika kunasaidia kwa sababu wasiwasi usio na jina huwa mkubwa kuliko wenye jina. Paulo anawaandikia Wafilipi (4:6) kwamba haja zetu zijulikane na Mungu, na haja haiwezi kujulikana kama mwenyewe hujaitaja. Sali tendo la kwanza, Maria akipashwa habari. Zingatia kwamba Maria naye aliuliza swali kabla ya kukubali. Kuuliza itawezekanaje si dhambi.

Kituo cha pili ni pango la Bikira Maria. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanafika, wanaona pazuri, wanasali kumi moja, yaani Salamu Maria kumi za tendo moja, kwa kasi ya mtu anayewahi gari, wanapiga picha na kuondoka. Kasi hiyo inatokana na mazoea ya kusali ili kumaliza. Dawa yake ni ndogo: sema nusu ya kwanza ya Salamu Maria hadi jina la Yesu, nyamaza pumzi moja nzima, ingia na pumzi na kutoka nayo, kisha sema nusu ya pili. Ikiwa mko wawili au zaidi, kiongozi aseme nusu ya kwanza na wengine waitikie, na kila upande ungoje mwenzake anyamaze kabisa. Kumi moja kwa mwendo huu huchukua dakika 6 au 7, na kufikia Salamu ya nne mabega yanaanza kushuka yenyewe. Tendo ni Maria kumtembelea Elizabeti. Luka anasema alikaa kama miezi 3. Mwenye mgeni atakayekaa hadi shule zifunguliwe Januari asome mstari huo (1:56) mara mbili, akikumbuka kwamba mwenyeji alikuwa mzee na mjamzito, na mgeni naye alikuwa mjamzito, na nyumba ile ilijaa wimbo.

Kwa tendo la tatu, Yesu kuzaliwa, nenda kanisani. Kanisa kubwa lilijengwa kati ya 1910 na 1914, kuta zake nene huhifadhi ubaridi wa asubuhi, na ndani unaweza kukaa hata jua likichachamaa nje. Kama Sakramenti Kuu, yaani Ekaristi, imehifadhiwa, taa nyekundu ikiwaka, basi huna haja ya maneno mengi. Weka ile karatasi ya majina mapajani, soma jina moja moja, nyamaza baada ya kila jina. Usimwombee mtu abadilike. Hilo ni kosa la pili kubwa: sala inageuka kuwa orodha ya marekebisho ya watu wengine, na ukirudi nyumbani unawatazama kama mwalimu anayesubiri majibu ya mtihani. Mwombee kheri: afya, riziki, usingizi mzuri. Utaona jinsi ilivyo vigumu kwa jina fulani, na jina hilo ndilo lililokuleta Bagamoyo.

Kuhusu Kitubio, usiache hadi tarehe 24. Siku hiyo foleni ni ndefu, mapadre ni wachache na wamechoka, na mtu mwenye jambo zito la kifamilia anaishia kulitaja kwa sentensi moja. Uliza mapema ofisini mwa parokia yako saa za maungamo ya Majilio, na kama una jambo refu omba miadi. Baadhi ya mambo tunayoyaita msongo wa sikukuu ni kinyongo cha miaka, na kinyongo hakitibiwi na hewa ya bahari. Mathayo 5:23-24 ni wazi: acha sadaka yako mbele ya madhabahu, kapatane kwanza na ndugu yako.

Mnara wa kanisa la kwanza, lililojengwa mwaka 1872, umesimama karibu. Wengi huujua kwa jina la Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, kwa sababu mwili wake uliwekwa hapo tarehe 24 Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Waliouleta, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao, waliubeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo, kwa miezi mingi ya mwendo wa miguu. Kwa ajili ya sala hii huna lazima ya kusimama hapo. Mbuyu mkongwe nao unastahili dakika moja. Husimuliwa kwamba mnyororo uliofungwa humo zamani wa kumfungia punda umemezwa na gome, kimebaki kipande tu. Watoto hupenda kukitafuta.

Makaburi ya wamisionari ni kituo cha nne, Yesu kutolewa hekaluni. Tembea kati ya misalaba, usome miaka waliyoishi. Wengi walikufa vijana, homa ikiwamaliza muda mfupi baada ya kufika. Dakika 10 zinatosha, na zinafanya kazi maalumu: hapa ndipo pa kumkumbuka aliyepungua mezani mwaka huu. Krismasi ya kwanza baada ya msiba ndiyo ngumu kuliko zote, na kosa la familia nyingi ni kulizunguka jina la marehemu ili sikukuu isiharibike. Kisha mtu analia jikoni peke yake. Sali kumi moja kwa ajili yake hapa, na uamue nani atataja jina lake katika sala ya chakula, kwa sentensi moja, mapema, ili kila mmoja apate ruhusa ya kumkumbuka. Simeoni alimwambia Maria habari ya upanga siku ya sherehe, ndani ya hekalu, mtoto akiwa mikononi.

Malizia msalabani ufukweni, unaokumbusha mahali wamisionari walipofikia. Usiende peke yako, wala usibebe simu ya bei au mkoba. Ufukwe wa Bagamoyo una sehemu zisizo na watu, na vibaka wapo. Kama hamko wawili, sali tendo la tano chini ya miembe. Tendo hili, Yesu kupotea na kuonekana hekaluni, ndilo naliona linafaa zaidi kwa sikukuu. Ni ukoo mzima unarudi kutoka sherehe, kila mzazi anadhani mtoto yuko na wengine, mwendo wa kutwa unapita kabla ya mtu kugundua, na baada ya siku 3 mama anauliza swali lenye uchungu mbele ya watu. Luka anaongeza kwamba wazazi hawakuelewa jibu walilopewa. Familia Takatifu ilirudi nyumbani Nazareti bila kuelewana jambo hilo, na ikaendelea kuishi pamoja. Mwenye kutaka kila kitu kimalizike kabla ya chakula cha mchana cha tarehe 25 apumzike hapo.

Kabla ya kupanda bajaji, washa simu na umpigie ndugu mmoja tu, yule wa jina gumu. Usimpigie kujadili ugomvi. Msalimie, muulize atafika saa ngapi, mwambie chumba chake kiko tayari au kwamba unamngoja. Dakika 2. Ukimpigia baada ya kufika nyumbani utamkuta mpishi ndani yako badala ya mwombaji, na sauti itakuwa nyingine.

Amani hii hupotelea zaidi jikoni, kwa hiyo jikoni napo panahitaji mpango. Pilau ya watu 30 ni mchele kilo 5, nyama kilo 5, vitunguu kilo moja na nusu, na si kazi ya mtu mmoja. Tarehe 24 jioni chambua mchele, menya vitunguu na saumu, saga viungo. Nyama usiichemshe usiku kama huna friji ya uhakika. Kwa joto la pwani umeme ukikatika saa chache itachacha, kwa hiyo ichemshe alfajiri. Gawa zamu: anayekwenda Misa ya mkesha anashika jiko asubuhi, aliyelala anakwenda Misa ya mchana wa Krismasi. Nyumba ambayo mwanamke mmoja anakosa Misa ili wengine wale imeshaharibu sikukuu yake. Martha wa Luka 10 alikemewa kwa kufadhaika, ila ukisoma vizuri utaona kwamba alilalamika pia kuachiwa kazi peke yake, na lalamiko hilo sisi tunaweza kulimaliza kwa kupanga zamu.

Pwani hii ina Waislamu kwa wingi, na majirani watapelekewa sahani au wataitwa mezani. Mchinjaji awe Mwislamu tangu mwanzo, ili usije ukaeleza na kujitetea mlangoni. Sala ya chakula iwe ya dakika 2, na kiongozi apangwe siku moja kabla. Mjomba mwenye karama ya kuhubiri apewe nafasi yake jioni baada ya chai, kwa heshima, aambiwe mapema. Akiachiwa sala ya chakula atahubiri hadi pilau ipoe, watoto waanze kulia na wageni watazamane.

Maswali ya mezani yaandalie jibu moja, ulirudie bila kuongeza kitu. “Shangazi, niombee kwa hilo,” ukisema kwa upole huku ukimmiminia juisi, humaliza mazungumzo mengi, kwa sababu ni kweli na limempa kazi. Maelezo marefu hufungua mlango wa ushauri mrefu. Ukihisi kifua kinapanda, toka nje dakika 5 na urudie kumi moja kwa mwendo ule wa pangoni. Mwili ulishaufahamu mwendo huo, nao huushika haraka kuliko ungeuanza siku hiyohiyo.

Yote haya ni kwa familia yenye makwaruzo ya kawaida. Kama katika wanaokuja yumo anayepiga, au aliyewahi kumdhuru mtoto, sala haibadilishi wajibu wa kumzuia asilale nyumba moja na watoto. Zungumza na padri au mchungaji wako na viongozi wa jumuiya kabla ya sikukuu, na Dawati la Jinsia na Watoto liko vituo vya polisi. Kusamehe hakumpi mtu ufunguo wa chumba.

Udhaifu wa Misheni kwa kazi hii upo. Ukikuta kundi la wanafunzi au mabasi ya mahujaji, kimya hakuna, na njia pekee ni kuingia kanisani na kukaa hadi wapite. Kisha ipo makumbusho, katika nyumba ya zamani ya masista, ambayo ndiyo inayomvuta kila anayefika. Usiingie asubuhi hiyo. Habari za utumwa zilizomo zinataka akili iliyotulia na muda wake, na si heshima kuzipitia ukiwa unatazama saa kwa ajili ya soko.

Makumbusho yatafutie siku baada ya Krismasi. Jumapili inayofuata Noeli huwa sikukuu ya Familia Takatifu, na wageni waliobaki huwa wamechoka kukaa ndani. Wapeleke Misa, kisha mwingie pamoja na mwongozaji, wazee wakae kivulini wakati vijana wanasoma maandishi ukutani. Wale wawili wasiosemeshana wapande magari tofauti kwenda. Kurudi waache wachague wenyewe. Chukua noti ndogondogo za kiingilio, na watoto wavae kofia.